Tajiri na Maskini Katika Nyumba ya Ibada: Kitabu cha Manasara Chasemaje?

Ikitajwa dini ya Manasara katika mabaraza yetu, maneno hukimbilia Utatu mara moja: je, Mungu ni mmoja au ni watatu? Suala hilo ndilo kubwa kuliko yote baina yetu na wao, na maulamaa wetu wamekwisha kulijibu kwa dalili zisizohitaji nyongeza yangu. Lakini kitabu chao kina masuala mengine ambayo sisi hatuyagusi, na mojawapo ni hili: je, ibada husihi ikiwa ndani yake tajiri amewekwa mbele kwa sababu ya mali yake, na maskini amewekwa nyuma kwa sababu ya ufukara wake? Mwenyezi Mungu ametukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Basi na tuyatazame maneno yao kama yalivyo, kisha ndipo tuyapime.

Korintho ulikuwa mji wa biashara katika nchi ya Uyunani. Warumi waliuvunja mwaka 146 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na Julius Caesar akaamuru ujengwe upya mwaka 44 kabla ya kuzaliwa kwake. Ulikuwa na bandari mbili, kila moja ikielekea bahari yake, na mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa mji wa namna hiyo huwa na watu gani: matajiri wenye vyombo, wachukuzi, wageni na watumwa. Katikati ya karne ya kwanza palikuwa na kundi la Wakristo humo. Makanisa ya kujengwa hayakuwapo bado. Walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao mwenye nafasi, wakala chakula cha jioni, na pamoja na chakula hicho wakafanya ibada yao ya mkate na kikombe. Paulo, naye yuko Efeso, akapata khabari ya kwamba baadhi yao hutangulia kula chao mpaka mmoja hulewa, na mwingine hukaa na njaa. (La ulevi tuliache leo.) Ni nani huyo aliyekaa na njaa si vigumu kumjua, kwani mtumwa na kibarua hawaondoki kazini saa waitakayo wao.

Yafaa ijulikane kwamba jambo hilo kwa desturi ya Warumi halikuwa aibu hata kidogo. Karamu zao zilikuwa na daraja. Pliny, yule liwali ambaye kiasi cha mwaka 112 alimwandikia Kaisari kuuliza awafanyeje Wakristo wa jimbo lake, ana barua nyingine aeleza karamu moja aliyohudhuria: mwenye nyumba aliweka mvinyo wa namna tatu, ulio bora kwa ajili yake na wakubwa wenziwe, wa pili kwa rafiki wa daraja ya chini, na wa tatu kwa watumwa walioachwa huru. Pliny hakupendezwa, lakini mwenye karamu hakuona kosa. Na matajiri wa Korintho, naona, hawakuona kosa vilevile. Waliileta desturi ya nyumbani kwao ndani ya ibada, wakadhani ni adabu.

Paulo aliwajibu jawabu zito. Aliwaambia kwamba wakikusanyika namna hiyo, hicho wanachokula si chakula cha Bwana. Mkate ulikuwapo, kikombe kilikuwapo, na itikadi yao juu ya chakula hicho hakuilaumu. Hata hivyo ibada yao ameikanusha; kwa istilahi ya mafakihi wetu tungesema ameibatilisha. Na sababu aliyoitaja si kwamba maskini wana njaa tu, bali kwamba wenye mali wamewatahayarisha wasio na kitu.

Hapa ndipo pa kusimama. Njaa na kutahayarishwa ni madhara mawili mbalimbali. Njaa huondoka kwa sahani itokayo jikoni, hata ikipelekwa uani. Kutahayarishwa hakuondoki kwa sahani hiyo, na pengine huzidi, kwa kuwa sahani yenyewe ndiyo imwambiayo mtu mahali pake ni wapi. Mtu aweza kuwa karimu maisha yake yote, na asiache hata siku moja kuwadharau awapao. Nasi tusifurahie makosa ya Wakorintho. Kwetu safu ya sala ni moja, alhamdulillahi, lakini sala si mwisho wa mikusanyiko yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alikitaja kuwa chakula kiovu mno kile cha walima wa kualikwa matajiri na kuachwa mafakiri. Kila mmoja aikumbuke arusi ya mwisho aliyoihudhuria: nani alitandikiwa busati barazani, na nani aliambiwa angojee?

Dawa ya Paulo, kwa maoni yangu, ni dhaifu kuliko uchunguzi wake wa maradhi. Amewaambia wangojeane, na mwenye njaa ale nyumbani kwake. Wako watakaosema hiyo ni hekima, kwani alitengeneza lile lililo chini ya mkono wake. Lakini tajiri sasa atashiba kwake faraghani, kisha aje mkutanoni akae sawa na mwenziwe kwa muda wa saa moja. Aibu imefungiwa mlango; tofauti yenyewe imebaki pale pale ilipokuwa.

Matendo ya Mitume yaeleza njia nyingine, nayo yanivutia zaidi. Katika Yerusalemu wajane wa wale wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika riziki iliyogawanywa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakutoa waadhi wa subira. Walitaka wachaguliwe watu saba kwa kazi hiyo, na ukiyatazama majina yao, Stefano, Filipo, Nikolao na wenzao, yote saba ni majina ya Kiyunani. Yaelekea basi kwamba mamlaka ya kugawa yalitiwa mikononi mwa upande uliolalamika. Ni wangapi kati yetu, katika kamati za zaka na za madrasa, wangekubali jambo kama hilo?

Barua ya Yakobo ni kali kupita zote. Yapiga mfano wa watu wawili waingiao mkutanoni: mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, akapewa mahali pema, mwingine ana nguo chafu, akaambiwa asimame kule au akae chini miguuni. Yakobo asema imani haichangamani na upendeleo huo, na kwamba mwenye kuufanya amevunja sheria. Msomaji wa Sura ya Abasa hataona mageni hapa. Lakini kitabu kusema ni jambo moja, na watu kutenda ni jingine. Katika makanisa ya Uingereza, hata karne ya 19, viti vingi vilikodishwa kwa fedha au vilihodhiwa na watu wa nasaba, na maskini wakabakiziwa mabenchi ya bure. Na barua ya Yakobo ilikuwa ikisomwa humo humo.

Lililo gumu kuliko yote limo katika barua fupi, aya 25 tu, aliyoandikiwa Filemoni. Paulo amrudishia mtumwa wake Onesimo, akimtaka ampokee si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Amwache huru? Waziwazi hakusema. Huko Marekani, kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865, wenye watumwa waliishika barua hii kuwa ni hoja ya kurudishwa watoro, na wapinzani wao wakaishika kuwa ni hoja ya kuwafungua. Mimi nawaona hawa wa pili kuwa karibu zaidi na haki, kwani haieleweki mtu atamwitaje mwenziwe ndugu mbele ya Mungu, kisha amuuze sokoni. Lakini kwamba maneno yaliacha nafasi kwa hao wa kwanza, hilo halikanushiki. Na katika pwani yetu hii utumwa ulifutwa kwa sheria ya serikali ya Kiingereza mwaka 1907, wala haukufutwa kwa fatwa yetu, hali mtumwa na bwana wake walikuwa wakisali bega kwa bega katika safu moja.