Kurudi Nyumbani Si Kushindwa

Wanangu, nimelisema hili hata sauti imechoka, lakini nitalisema tena, maana bado nawaona mkiona haya kurudi kijijini. Kijana akikosa kazi mjini, heri alale njaa kuliko watu wamwone na jembe. Mstaafu akinyang'anywa gari la ofisi, anajifungia ndani kama aliyefiwa. Nani aliwafundisha kwamba utu wa mtu umo katika cheo?

Tazameni maisha ya Jimmy Carter, aliyefariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Ninyi mnamjua kuwa rais wa Marekani. Mimi nataka mumjue kuwa mkulima wa karanga na askari wa majini. Alizaliwa Plains, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la Georgia, akakulia katika nyumba isiyo na umeme. Mwaka 1946 alihitimu chuo cha maafisa wa jeshi la majini, akatumikia kwenye nyambizi, kisha akachaguliwa kuingia katika mradi mpya wa nyambizi za nyuklia. Njia ya kupanda ilikuwa wazi mbele yake.

Mwaka 1953 baba yake alishikwa na saratani. Carter alikwenda kumuuguza, na pale kitandani akawaona majirani, weusi kwa weupe, wakija kumshukuru mzee kwa mema aliyowatendea kimya kimya, mengine hata mwanawe hakuyajua. Akajiuliza kama maisha yake mwenyewe, pamoja na cheo chake, yangekuwa na maana kama yale. Baba alipozikwa, akaacha jeshi, akarudi shambani.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mkewe, Rosalynn, hakutaka kabisa kurudi. Walipanga katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mwaka 1954 ukame ukaunguza mazao, na faida ya mwaka mzima haikufika dola 300. Wazungu wenzake walipounda chama cha kutetea ubaguzi, yeye alikataa kujiunga, nao wakamsusia biashara. Hakuhama.

Baadaye akawa rais, na aliposhindwa uchaguzi wa 1980, alirudi tena Plains, katika nyumba ileile waliyoijenga mwaka 1961, akakuta biashara yake imezama katika madeni. Angeweza kukaa barazani akilaumu walimwengu. Badala yake, mwaka 1982 yeye na mkewe walianzisha kituo chao cha amani na afya. Mwaka 1986 mnyoo wa Guinea, unaoingia mwilini kwa maji machafu ya kunywa, ulikuwa ukitesa watu wapatao milioni 3.5 barani Afrika na Asia. Kituo hicho kikapambana nao kwa vitambaa vya kuchujia maji na elimu iliyopelekwa kijiji kwa kijiji, na mwaka aliofariki Carter wagonjwa hawakufika 20 duniani kote. Uganda, Kenya na Kongo zimekwisha kuthibitishwa kuwa salama. Na hata alipopita miaka 90 bado alishika nyundo kuwajengea maskini nyumba, na kufundisha Biblia kanisani kwao siku za Jumapili.

Februari 2023 aliamua kumalizia siku zake nyumbani badala ya hospitalini. Novemba mwaka huo Rosalynn akatangulia, baada ya ndoa ya miaka 77. Januari 2025 Carter alizikwa kando yake, nyumbani kwao Plains, huku ndege za jeshi la majini zikipita angani kumpa heshima ya mwisho.

Wanangu, sisemi mji ni mbaya wala cheo ni haramu. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Linalobaki ni lile ulilowatendea watu. Basi mwenye mzazi mgonjwa aende akamuuguze leo, asingoje kuitwa mazikoni. Na ambaye kazi imemwisha, arudi kwao kichwa juu, ashike jembe, awatumikie majirani zake. Mkataa kwao ni mtumwa.