Ujira wa Mkata Tawi

Yako maswali makubwa ya maadili ambayo watu huyajadili mabarazani na vitabuni, na yako madogo yasiyopata baraza lolote, ila huweza kuwagombanisha majirani kwa miaka mingi. Swali la makala haya ni la kundi la pili. Dhoruba imepita usiku. Tawi kubwa la mwembe ulio uani limepasuka kwenye shina, wala halikuanguka; limebaki likining'inia juu ya paa la nyumba ya pili. Halina budi kuondolewa. Ni nani alipe kazi hiyo? Alipe kwa kipimo gani? Na akisha kulipa, je, amemaliza deni lake?

Kwa wakazi wa Mpanda swali hili si la kubuni. Mvua za huko aghalabu huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na pepo kali mara nyingi hutangulia matone. Katika Kashaulili, Makanyagio, Nsemulwa na Kawajense nyua zimepakana, mapaa ni ya mabati, na miembe ni mingi. Mwembe ni mti usiopukutisha majani yake yote kwa mara moja. Unapolowa huwa mzito, na upepo huukamata kama unavyokamata tanga. Tena baadhi ya matawi yake hutoka shinani kwa pembe nyembamba, gome la tawi likabanana na gome la shina, pasiwe na mahali ambapo mti umeshikana na mti. Hapo ndipo upasukapo. Mwenye nyumba huona kivuli kizuri miaka ishirini, wala haoni ufa uliokuwa ukimngoja ndani ya kivuli hicho.

Anayedhani kwamba kuliondoa tawi la namna hiyo ni kazi ya panga na robo saa, huyo hajapata kupanda. Tawi lililopasuka nusu limejikaza mithili ya upinde uliovutwa. Likikatwa upande usiofaa, huruka. Mkataji ajuaye kazi yake hulifunga kwanza kwa kamba kwenye tawi zima lililo juu yake. Hukata kidogo kwa chini, kisha hukata kwa juu, ili gome lisichanike mpaka shinani. Mwishoni hukata kibaki karibu na shina, lakini hakijeruhi kile kivimbe cha chini ambacho kwacho mti huziba kidonda chake mwenyewe. Mambo yote hayo huyafanya miguu ikiwa hewani na watu wakipiga kelele chini kumpa maarifa asiyoyahitaji.

Na bado liko lalamiko tunalolisikia kila msimu: kwamba zamani kazi kama hiyo haikulipiwa. Jirani aliita, majirani wakaja, tawi likaondoka. Leo hata tawi lina bei, na utu umekwisha. Lalamiko hili linastahili kupimwa kwa makini kabla ya kurithishwa kwa vijana, kwa maana nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli.

Ni kweli kwamba jadi zetu zilijua kazi ya pamoja. Neno msaragambo linajulikana nchini kote. Miongoni mwa Wasukuma, ambao wamehamia Katavi kwa wingi, vijana walijipanga katika vikundi vya kulima na kupura chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na mwenye shamba aliwaita kwa taratibu zilizofahamika. Lakini mtu asidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya bure. Mwenye shamba alipika, alitengeneza pombe au alitoa mnyama. Na zaidi ya hayo alijua kwamba zamu yake ya kuitwa itafika, na asipoitika atajulikana. Malipo yalikuwapo. Tofauti ni kwamba malipo yale hayakufunga hesabu. Yaliiacha wazi kwa makusudi, ili watu waendelee kudaiana na hivyo waendelee kuonana.

Fedha hufanya kinyume chake. Aliyelipwa na aliyelipa wanaweza kuachana pale pale. Jambo hili watu wengi huliona kuwa baya tupu, nami siafiki. Mpanda ni mji uliokuzwa na ujira. Uchimbaji wa madini ya risasi katika miaka ya 1940 na 1950, pamoja na njia ya reli iliyotengwa kutoka Kaliua kwa urefu wa kilomita 210 hivi, viliwaleta watu waliokuwa hawajuani ukoo. Kisha wakaja wengine: wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Katumba baada ya mwaka 1972 na Mishamo miaka michache baadaye, ambao wengi wao walipata uraia wetu, wakulima, wafugaji, wachimba dhahabu, na watumishi waliofika tangu mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Leo katika mtaa mmoja waweza kumkuta Mpimbwe, Mbende, Mkonongo, Mfipa, Muha na Msukuma. Jadi zao za kuitana kazini hazikufanana. Mgeni aliyehamia juzi hana zamu ya kuidai kwa mtu yeyote. Kwake yeye ujira ni lugha ambayo jirani yeyote anaielewa, nao humwezesha kuomba kazi pasipo kupiga magoti.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wenzangu hawapendi kulisikia. Aghalabu anayepanda ni kijana, na anayeshika kiuno chini ni mtu mzima. Kijana huyo asubuhi alikuwa akiitwa "wewe". Likitokea tawi huitwa "mwanangu", au "mjomba", na jina hilo la udugu ndilo linalotumiwa kumkatia ujira wake. Akishuka hupewa sahani ya ugali na shukrani nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituambia kwamba kila mtu mwenye uwezo aishi kwa jasho lake, na kwamba kuishi kwa jasho la mwingine ni unyonyaji. Hatukusoma humo kwamba unyonyaji hubadilika kuwa kitu kingine ukifanywa kwa jina la jadi. Mwenye uwezo wa kulipa anayelipa kwa neno "mwanangu" ameitukana jadi anayodai kuitetea, kwa sababu jadi ile ilimdai naye arudishe kazi, na yeye hana nia ya kupanda mwembe wa mtu.

Basi kazi ilipwe. Sasa alipe nani?

Sheria ina jibu lake, nalo lafaa kujulikana na wanafunzi. Tanganyika ilipokea kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwa kanuni hizo ni ile iliyothibitishwa mwaka 1894 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule: jirani anaweza kuyakata matawi yaliyovuka mpaka na kuingia kwake, hata bila ya kumwarifu mwenye mti, mradi asiuvuke mpaka yeye mwenyewe. Lakini tawi alilolikata, pamoja na matunda yake, hubaki mali ya mwenye mti. Ama kuhusu hasara, hukumu moja ya mwaka 1926, ambayo mahakama zetu hazifungwi nayo ingawa huweza kuisikiliza, ilisema kwamba mwenye mti halaumiwi kwa tawi lililovunjika kwa sababu ya kasoro iliyofichika ambayo hangeweza kuijua. Kwa ufupi, sheria hutafuta kosa. Pasipo kosa, kila mtu hubaki na hasara yake mwenyewe, na dhoruba huitwa amri ya Mungu.

Jibu hilo linafaa mahakamani. Uani halitoshi. Tuchukue mfano. Mama mjane wa Makanyagio ana mwembe uliopandwa na marehemu mumewe. Mti uko kwake, lakini umeinamia kwa jirani. Asubuhi kivuli ni cha mama. Alasiri ni cha jirani, na watoto wa nyumba tatu husomea hapo wakati wa jua kali. Mwezi wa Desemba maembe huanguka pande zote mbili na hakuna anayeuliza ni ya nani. Dhoruba inalipasua tawi la upande wa jirani. Jirani anaamka, anaona hatari iliyo juu ya paa lake, anamwita mkataji, anakubaliana naye bei, kazi inafanyika. Kisha anakwenda kwa mama na kumtajia kiasi anachomdai.

Jirani huyo amekosea mara mbili. Kwanza, aliifanya hesabu ya mtu mwingine bila ya mwenyewe kuwapo. Ilimpasa apige hodi, asalimu, na aseme, "Mama, shikamoo, nimekuja tutazame tawi," naye mama apate nafasi ya kusema ana nini na hana nini, au wamwite mwenyekiti wa mtaa kama hawaelewani. Pili, na hili ndilo kubwa, alihesabu mpaka wa kiwanja akasahau mpaka wa kivuli. Alipokuwa akinufaika, mti haukuwa wa mama peke yake. Ulipovunjika, ukawa wa mama peke yake.

Nasema kwamba kipimo cha haki katika jambo hili ni manufaa. Mwenye mti atangulie kutoa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mti, kuupogoa au kuuacha, na ndiye avunaye zaidi. Lakini waliokaa kivulini nao watoe, kila mmoja kwa kadiri alivyokaa na alivyo na uwezo. Ikiwa mama huyo hana kitu, basi sehemu yake ibebwe na wenzake, wala wasiite sadaka. Ni bei ya alasiri zao zote.

Mtu atauliza: kwa kipimo hicho, mpita njia aliyepumzika mara moja chini ya mwembe naye adaiwe? La. Lakini hata huyo mila zetu hazikumwacha mtupu kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na Ziwa Katavi, uko mkwaju unaosemekana kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa masimulizi ya kale, ambaye jina lake ndilo lililopewa hifadhi hiyo na sasa mkoa. Watu waliokwenda kuomba baraka waliacha sadaka shinani pake. Mkwaju ule hauna mwenye kiwanja. Kila aliyeutegemea aliacha kitu kulingana na haja yake, bila ya mtoza kodi. Sisemi miembe ya Makanyagio ina roho. Nasema wazo la kwamba anayeutegemea mti anadaiwa na mti si geni katika nchi hii, wala halikuja na meli.

Kuhusu kiasi, nitasema machache. Mkataji huona hofu machoni mwa mwenye paa, na bei hupanda. Sehemu ya nyongeza hiyo ni halali: tawi linaloning'inia ni la hatari kuliko tawi zima, na hatari ni sehemu ya kazi. Sehemu isiyo halali ni ile inayoongezwa kwa sababu tu mawingu yamerudi na mama hana wa kumwita mwingine. Mkataji mwenyewe anajua mstari huo uko wapi. Ajiulize angedai kiasi gani kama tawi lile lile lingekuwa juu ya paa la mama yake mdogo. Kuni nazo zitajwe mapema. Wakataji wengine huhesabu kuni kuwa ni zao juu ya ujira, na mwenye mti huhesabu kuwa ni zake. Yote mawili yanaweza kuwa haki, mradi yamesemwa kabla mtu hajapanda.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Tuseme bei imekubaliwa, waliokaa kivulini wamechanga, kamba imefungwa. Na kijana akateleza, akaanguka, akavunjika mguu. Je, ujira uliokubaliwa umelipa na mguu? Nchi yetu ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Lakini kijana aliyeitwa uani kwa kazi ya saa mbili hana mwajiri aliyemchangia huko. Kwa hesabu ya fedha iliyofungwa, wahusika wameachana. Alikubali hatari, akaitajia bei.

Hapa ndipo ile nusu ya kweli katika lalamiko la wazee inaporudi. Ujira hulipa jasho na hulipa ujuzi. Hulipa hata woga wa kupanda. Mguu haukuwa katika mapatano, wala hapana mtu mwenye akili ambaye angeuuza kwa bei ya tawi. Nyumba zile tatu zilizochanga ujira zinadaiwa tena, si kwa sababu zilikosa, bali kwa sababu yule kijana alikuwa juu kwa ajili ya mapaa yao. Zichange nauli ya kumfikisha hospitali na gharama za matibabu yake. Na kwa kuwa kijana huyo huenda ana mama anayengojea unga aliokwenda kuutafuta siku ile, mmoja wao aende mpaka kwao jioni, akiwa na unga mkononi, akaeleze jambo lilivyotokea, kabla mama huyo hajalisikia kwa wapita njia.