Nani Aanze Kuomba Radhi?



Mtu aliyekosewa sana, je, naye apaswa kuomba radhi? Habari za mji wa Wrocław, nchini Poland, zaweza kutusaidia kulijibu swali hili.

Mpaka mwaka 1945 mji huo uliitwa Breslau, nao ulikuwa wa Ujerumani. Katika vita aliyoianzisha Hitler mwaka 1939, raia wa Poland wapatao milioni 6 walikufa, na karibu nusu yao walikuwa Wayahudi. Vita ilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaliuweka mji chini ya Poland. Wajerumani wakafukuzwa, wakaondoka na mizigo waliyoweza kuibeba. Nyumba zao wakapewa Wapolandi, ambao wengi wao walikuwa wamepoteza makwao upande wa mashariki, kama vile mji wa Lwów, uliotwaliwa na Muungano wa Kisovyeti. Basi mwenye kulilia nyumba yake aliingia katika nyumba ya mwingine aliaye.

Mwaka 1965 maaskofu Wakatoliki wa Poland waliwaandikia maaskofu wenzao wa Ujerumani. Aliyeiandaa barua hiyo ni Askofu Bolesław Kominek, aliyekaa Wrocław hiyo hiyo. Walisema kwamba wanasamehe, tena wakaomba kusamehewa. Serikali ya Kikomunisti ilikasirika, na Wapolandi wengi wakauliza, "Sisi tuombe radhi kwa lipi?"

Swali hilo hata sisi twalijua. Twaliuliza katika ugomvi wa shamba, wa urithi, na hata wa kwaya. Twahesabu: yeye amenikosea mara kumi, mimi mara moja, basi aanze yeye. Lakini hiyo moja ni yetu, wala hakuna mwingine awezaye kuitubia kwa niaba yetu.

Maaskofu wale hawakusema kwamba makosa yalilingana, wala hawakuurudisha mji. Walikiri sehemu yao tu, bila kungoja. Mapatano yalikuja polepole. Mwaka 1990 Ujerumani na Poland zilitia sahihi mkataba wa kuuthibitisha mpaka wao.

Katika Sala ya Bwana twaomba kusamehewa na twaahidi kusamehe kwa pumzi moja. Kabla hatujaijongea Meza ya Bwana Jumapili ijayo, tujiulize: ni mlango wa nani tunaoupita bila salamu? Twende tukabishe hodi.