Deni la Msikilizaji

Katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio nchini Marekani, kilikuwako kituo cha redio kilichoitwa WOXY. Tangu mwaka 1983 kilipiga roki mbadala, muziki ambao vituo vikubwa aghalabu havikuugusa mpaka uwe umekwisha kupata jina kwingine. Wenyewe walikuwa mume na mke, Doug na Linda Balogh. Mwaka 2004 waliyauza masafa yake kwa dola milioni 5.6, na muziki ule ukatoweka hewani. Wasikilizaji waliomboleza kama waliofiwa. Je, walidhulumiwa?

Mwepesi wa kuhukumu atajibu kuwa walidhulumiwa, na atamlaumu muuzaji. Lakini anunuaye masafa hanunui nyimbo wala mapenzi ya watu. Ni kama anunuaye kiwanja chenye mwembe, na nia yake ni kujenga duka. Watoto waliozoea kuokota maembe watalia, na kilio chao ni cha kweli. Ila hapana hata mmoja wao aliyepata kulimwagilia shina maji. Waliomwagilia ni hao wawili, kwa zaidi ya miaka 20.

Redio ya biashara haiuzi muziki. Huuza masikio ya wasikilizaji kwa wenye bidhaa, na bei hufuata idadi. Hapo ndipo roki mbadala ilipokwama. Wapenzi wake walikuwa wachache wenye shauku, na mizani ya soko huhesabu vichwa tu. Aliyewasha redio ili asinziapo asikie sauti, na aliyeendesha gari maili nyingi kuwafuata wanamuziki aliowasikia usiku mmoja, wote wawili huandikwa mtu mmoja mmoja. (Washairi wanaijua mizani hiyo.)

Hata hivyo upo upande wa pili. Nchini Marekani masafa huhesabiwa kuwa ni mali ya umma, naye mwenye leseni hupewa kwa sharti la kuutumikia umma huo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote, na baada ya miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa navyo zaidi ya 1,000. Ndiyo iliyoyanunua mwaka 2012, kwa dola milioni 14.5, masafa ya WFNX ya Boston, iliyopiga roki mbadala tangu 1983.

Lakini umma ni nani? Januari 2005 kituo cha WHFS, kilichosikika Washington na vitongoji vyake, kiliacha roki ghafla kikaanza kupiga muziki wa Kilatini kwa lugha ya Kihispania. Wapenzi wa zamani walilia. Wahamiaji wa Amerika ya Kati, walio wengi katika eneo hilo, walipata sauti iliyowasemesha kwa lugha yao. Msiba wa hawa ulikuwa arusi ya wale, na anayedai kuwa haki ilikuwa upande mmoja tu hakusikiliza vizuri.

Huko Seattle msikilizaji alijaribu kumwagilia mwenyewe. Kituo cha KEXP, kilichopata jina hilo mwaka 2001, hutegemea sana michango ya wasikilizaji. Mwaka 2018 kilitangaza urithi wa karibu dola milioni 10 kutoka kwa msikilizaji mmoja aliyefariki. Mwaka 2023 kikanunua masafa mengine San Francisco. Asiyetoa husikia sawasawa na aliyetoa, na mtoaji analijua hilo, naye hutoa. Asiyetoa kamwe, siku muziki utakaponyamaza, atakuwa na huzuni; dai hatakuwa nalo.

WOXY nacho hakikufa siku ile. Mwaka huohuo wa 2004 kilihamia kwenye intaneti. Kwenye mawimbi, msikilizaji wa elfu moja hamwongezei mwenye kituo gharama yoyote. Kwenye intaneti kila sikio jipya lina bei yake, kwa hiyo kupendwa zaidi ni kulipa zaidi. Kilinyamaza mwaka 2006, kikafufuliwa, mwaka 2009 kikahamia Austin. Machi 2010 kilinyamaza tena, safari hii pasipo masafa ya kumwuzia mtu.