Hela Tatu za Mpagazi

Bibi yangu, pale Buyenzi, ana hela tatu zilizofungwa kitambaani. Nasema hela kwa maana ya asili: heller za Wajerumani, za shaba, za mwaka 1913, kila moja na taji la Kaizari. Babu yake aliwekewa na mpagazi mmoja aliyesema atarudi. Hakurudi. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji.

Juzi binamu yangu aligundua kuwa wako watu wanaonunua sarafu za zamani. Hoja yake ni hii: Kaizari aliondoka 1918, dola iliyozitoa haipo, kwa hiyo na haki ya mpagazi imekufa. Tuziuze, tulipe ada ya chuo.

Nilikaribia kukubali, nami nadaiwa ada. Lakini hoja hiyo inalipa taji kazi isiyo yake. Neno Kaizari ni lile lile Kaisari wa Roma, na kwenye rupia Wilhelm II alijiandika kwa Kilatini, Imperator. Roma nayo ilitia sura ya mtawala hata kwenye shaba ya kununulia mkate, ili afike kwa mchuuzi asiyewahi kumwona. Na taji la Kaizari lilikuwa na nguvu kweli: kodi ilidaiwa kwa sarafu, watu wakaacha mashamba kwenda kuzitafuta.

Hata hivyo, Waislamu wa mwanzo walishika dinari za Roma zenye sura na msalaba, mpaka Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari zisizo na picha mwaka 77 Hijria. (Hata neno fulusi asili yake ni follis, shaba ya Roma.) Dinari zile walizitolea zaka, na zaka hutolewa kwa mali yako, si ya Kaisari. Alama hutaja aliyeipiga sarafu, basi. Taji halikumpa mpagazi umiliki. Kuanguka kwake kumnyang'anyeje?

Sayyidna Ali alibaki Makka kurudisha amana za watu, na mji ule ulikuwa umepanga kumuua Mtume (s.a.w.). Sisi tushindwe na mpagazi?

Warithi wake hatuwajui. Wanazuoni wengi husema mwenye amana akikosekana kabisa, itolewe sadaka kwa niaba yake. Kwa thamani ipi? Ya 1913 ni sawa na bure. Naona ni bei yote ya mnunuzi, maana kilichopanda ni mali yake. Nikamwambia bibi tuziuze, tuzitoe.

Akaniuliza, "Mjukuu wake akija kesho, utampa nini?"

Zimerudi kitambaani.