Matambara Kutoka Chini ya Hazina



Wiki hii naomba tusome polepole Yeremia 38. Wakuu wa Yuda wamemteremsha nabii shimoni na anazama matopeni. Anayemtetea ni mtu wa ikulu hiyohiyo: Ebedmeleki Mkushi, towashi, mgeni, anayekula chakula cha mfalme. Anamfuata Mfalme Sedekia hadi Lango la Benyamini na kumwambia waziwazi kwamba wakuu wake wametenda uovu.

Nikisoma habari hii namkumbuka David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliziona nyaraka za kampuni ya Goldenberg, iliyolipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo. Kenya haikuwa na mgodi wa almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Mabilioni ya shilingi za umma yakatoka. Karatasi za namna hiyo hazipiti mkono mmoja. Wengi waliziona wakanyamaza. Munyakei alizitoa, zikawafikia wabunge wa upinzani.

Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri Rasmi. Kesi haikufika popote, lakini kazi hakurudishiwa. Alikimbilia Mombasa, akasilimu, akaoa. Familia iliyompokea haikuwa ya kanisani mwetu, na hilo linanichoma. Baadaye alihamia Narok. Tume ya Jaji Bosire ilipochunguza kashfa hiyo, alitoa ushahidi, na mwaka 2004 akatunukiwa tuzo ya uadilifu. Tukampigia makofi. Julai 2006 alifariki akiwa maskini, bila ajira.

Turudi kwa Ebedmeleki. Mfalme amekwisha kutoa ruhusa na watu wa kuvuta wapo. Lakini kwanza anaingia ghalani, chini ya hazina, anakusanya matambara na nguo kuukuu, anamteremshia Yeremia na kumwambia ayaweke makwapani, kamba zisimchubue. Nimeusoma mstari huu miaka mingi nikiupita mbio. Huyu mtu alifikiria ngozi ya mwenzake! Ujasiri wa kusema mbele ya mfalme tunauhubiri sana, ila matambara hatuyataji.

Miongoni mwetu wamo wahasibu wa kaunti, maafisa wa ununuzi, wauguzi wanaotunza funguo za stoo ya dawa. Mmoja wao akikataa kutia sahihi, anahamishwa mbali au anasimamishwa kazi. Mtaani wanasema anajifanya mtakatifu. Wakati huohuo, aliyekula fedha zile anaalikwa kwenye harambee yetu, anakaa viti vya mbele, na sisi wachungaji tunampa kipaza sauti. Tusimlaumu mwanasiasa peke yake. Tumewafundisha watu wetu nani tunayemheshimu.

Tanzania ilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2015, na Uganda kabla yake, mwaka 2010. Sheria ni kamba, nasi tuzidai. Matambara ni karo ya watoto, kodi ya nyumba, mtu wa kukaa naye mahakamani siku kesi inapoahirishwa tena: hayo hayahitaji Bunge.

Wazee wa kanisa, naomba tubaki Jumapili baada ya ibada tuanzishe mfuko wa kazi hiyo. Aliye wakili, aliye na chumba kilicho wazi, aliye na nafasi ya kazi dukani mwake, naye abaki.