Mbegu Isiyopandwa Ardhini

Dada yetu mmoja aliyehamia Eldoret kutoka Mwambao atuuliza. Ataka kufanya biashara nyumbani kwake, na makampuni yamwitayo ni mengi: hii yampa sabuni auze, na ile yamwambia alete watu tu, faida itamjia akiwa amekaa. Atajuaje iliyo ya haki? Suali hili si lake peke yake, basi tumeona tulijibu hapa.

Kwanza ijulikane kwamba biashara ya mwanamke si jambo geni katika Uislamu. Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alikuwa na mali ya misafara, naye alimkabidhi mtu aliyesifika kwa uaminifu. Alitazama uaminifu kwanza, kisha faida ikaja.

Mwenye kutaka kuijua kampuni na aulize neno moja: hiyo faida yatoka wapi? Ikiwa yatoka kwa mtu aliyenunua sabuni kwa kuwa aihitaji, kwa bei ambayo angeitoa hata lau hapana ahadi ya utajiri, hiyo ni biashara. Ikiwa yatoka katika ada ya kila aingiaye nyuma, na sabuni ni kisingizio tu, basi wa mbele wala mali ya wa nyuma. Na tufanye hesabu: kila mtu akileta watano, daraja ya 9 yataka watu 1,953,125, nao watu wa Eldoret yote, katika sensa ya 2019, hawakufika laki 5. Basi wa mwisho lazima wapoteze, na aliyeipanga hesabu hiyo alilijua hilo tangu mwanzo.

Jirani zetu wa Tanzania waliyaona haya kwa DECI. Fedha za watu ziliitwa "mbegu", kuzitoa kukaitwa "kupanda", na kulipwa kukaitwa "kuvuna". Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Lakini mkulima yeyote wa mahindi wa Uasin Gishu ajua kwamba mbegu hutaka ardhi, mvua na jasho. Mbegu isiyotiwa ardhini haizai. Kinachovunwa hapo ni mbegu ya mtu mwingine.

Wako wasemao: "Kila mtu aliingia kwa hiari yake." Twajibu: ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Imepokewa kwamba Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikapata umajimaji ndani. Mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi. Tazama, mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuficha.

Nawe dada, mteja wako hakuijua kampuni, alikujua wewe. Kampuni yaweza kufunga mlango ikahama usiku, lakini wewe utabaki na jirani yako, na mtakutana arusini na matangani. Rasilimali yako ya kwanza ni jina lako, na hiyo ndiyo kampuni ikuombayo uiazime.

Basi kabla ya kutia sahihi, jipime hivi: je, waweza kumweleza mama yako mambo yote, bei, ada na hatari, bila kuruka hata moja? Ukiona kuna la kuruka, hilo ndilo iliyolowa. Na ikiwa umekwisha kumwingiza mtu ukapata fungu katika ada yake, mrudishie fungu hilo, ujapokuwa nawe ulidanganywa. Kudanganywa kwako hakukuhalalishii mali yake.

Sabuni chache zilizouzwa kwa haki zina baraka. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.